Ukuta Alioula Mama

Nilipokuwa mtoto kule Timau, ukuta wa jiko letu ulikuwa na shimo karibu na mafiga, na shimo hilo lilichimbwa na mama yangu kwa kucha. Alikuwa mjamzito. Kila alipomaliza kupuliza moto, mkono ulienda ukutani, akabandua kipande cha udongo, akakitafuna huku macho ameyafumba. Nilidhani ni kitamu. Nilijaribu siku moja, nikatema.

Nyanya, mama yake baba, hakuona cha kuchekesha. Aliamini kwamba mwenye kula udongo ameshaitwa na wafu walio chini yake, na asipozuiwa ataitika. Akaliziba shimo kwa kinyesi cha ng'ombe ili mama akinai. Wapi! Mama akahamia pembe nyingine. Basi nikawekwa mimi, mtoto wa darasa la tatu, nimlinde mtu mzima asile nyumba.

Na kweli mama alikuwa akiisha. Akitoka mtoni alitua mtungi kila mara, anahema, viganja vimepauka. Nyanya alimpenda, nisimsingizie. Alimchemshia chai nzito na kumnywesha kila alipokula, maana kwa baridi ya kwetu chai ndiyo dawa ya kila kitu. Nyama alimnyima kwa upendo uleule: mjamzito akila maini na mayai, mtoto atanenepa tumboni ashindwe kupita. Baba alipochinja mbuzi, maini yalikwenda kwa wazee. Mama akapata mchuzi.

Kule kliniki, nilikomsindikiza, nesi alimshusha ngozi ya chini ya jicho, akatazama, akaguna. Alisema damu imepungua kwa sababu mwili umekosa madini ya chuma, na kwamba hamu ya udongo mara nyingi huja na upungufu huo. Akampa vidonge. Akamwambia ale maini, maharagwe na mboga ya terere, na chai aiweke mbali na chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini.

Nyanya alipoelezwa aliuliza, "Chuma? Kwani yeye ni jembe?"

Hata mama alicheka. Lakini vidonge alivimeza, mpaka choo chake kikawa cheusi ti. Vidonge hivyo ndivyo vilivyo, leo najua. Pengine nesi alisema, kelele za foleni zikameza maneno yake. Nyanya yeye aliona ushahidi: aliyeitwa ameanza kuoza ndani. Mama akashikwa na hofu, akavitupa vyote chooni kwa mkono wake mwenyewe.

Alijifungua mtoto wa kiume hospitalini, mjini Meru. Kisha damu ikatoka. Kuna wanawake hutokwa na damu kama ile na bado hurudi nyumbani. Mama hakuwa na ya akiba, na hakurudi.

Baada ya mazishi Nyanya alinishika mkono. "Kendi, nilisema," akaniambia. Hakuwa anajivuna. Alikuwa analia. Tangu hapo hakuna aliyembishia tena kijijini, na mimi nilimwamini mpaka nikawa mtu mzima.

Nimemkasirikia miaka mingi, sasa nimechoka. Kabla ya sisi wote, Nyanya aliona kwamba mama anaondoka. Dalili aliiona sawasawa, ila akaipa maana aliyoachiwa na waliomlea. Ningezaliwa zamani zake, sijui kama ningejua zaidi.

Juzi binti yangu alikuja kwangu hapa Kinoru, tumbo limeanza kuonekana. Akafungua mkoba, akatoa yale mawe laini ya udongo yanayouzwa sokoni, akawa anayatafuna kama njugu. Nikakaa karibu naye.

"Mama, ni mawe tu. Kila mtu anakula," akasema.

Sikumgombeza. Sina nguvu hizo tena, na mama aligombezwa vya kutosha. Nilimwambia atazame juu, nikamshusha ngozi ya chini ya jicho kama nilivyomwona yule nesi akifanya. Palikuwa peupe. Nikamwambia kesho asubuhi tunaenda kliniki, mimi na yeye, kisha nikampakulia terere na maini.

Alinyoosha mkono kwenye chupa ya chai. Nikaisogeza mbali.

"Hiyo ingoje," nikamwambia. "Kula kwanza."