Jicho Zuri Lisiloona

Nakumbuka siku moja ya msimu wa pamba, mwanangu, na usiniambie umechoka, maana hiyo plasta kwenye paji lako la uso ndiyo iliyonikumbusha. Nilikuwa mke mgeni katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Sengerema. Tulipanda lori kwenda shamba la kijiji, likaingia shimoni, nikarushwa, paji la uso likagonga chuma.

Uvimbe ulipopungua, kila mtu alilichungulia jicho langu la kushoto akasema liko salama. Hata kwenye kioo nililiona zuri, halina damu. Nikarudi ghalani kuchambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule. Vumbi likaniingia jicho la kulia, nikalifumba. Pamba yote ikawa kijivu! Safi na fifi sikuzitofautisha tena. Niliogopa mno.

Jirani akaleta maji ya majani anidondoshee jichoni, mama mkwe akamshika mkono kumzuia. Wengine wakataka tusubiri pamba inunuliwe kwanza.

"Pamba itangoja," akasema mama mkwe. "Mkwe wangu hapofuki mimi nikiangalia."

Tukatembea hadi Kamanga, tukavuka kwa feri kwenda Mwanza. Daktari akamulika tochi jicho hili, kisha lile. Mboni ya kushoto haikusinyaa vizuri.

"Jicho lenyewe zima, mama," akaniambia. "Umeumia mshipa wa fahamu ulio nyuma yake, unaokwenda kwenye ubongo. Mngekuja siku ile ile."

"Nitaona tena?"

"Nitakutibu. Kukuahidi siwezi."

Nililazwa, nikatibiwa, kuona kukarudi kidogo sana. Nililia. Kisha nikajifunza kugeuza shingo, nikarudi ghalani, na hakuna aliyewahi kukuta fifi kwenye fungu langu la safi.

Kwa hiyo mtu akigonga kichwa, asiulize kioo. Afunike jicho moja atazame, kisha jingine, na asitie chochote ndani. Rangi zikififia, hospitali siku hiyo hiyo. Wewe umeanguka na pikipiki asubuhi hii, na unaniapia kwamba unaona vizuri. Haya, funika jicho la kulia. Khanga yangu ina rangi gani?

Mbona unakawia kujibu?

Vaa viatu, mwanangu. Mungu akuachie nuru yako yote, akuzidishie na ile niliyoikosa mimi. Twende, feri haijaondoka.