Mzee Aliyeletewa Wali

Mwezi uliopita nilikwenda parokiani Ifakara kufuatilia cheti cha ubatizo cha mama, na katika kitabu cha marehemu nikakuta jina la babu. Nyumbani kwetu Mlabani tuliambiwa babu alizama Mto Kilombero mama akiwa bado mchanga. Kitabu kilisema alifariki kwa ukoma, katika kambi ya wagonjwa nje ya mji, mwaka niliokuwa darasa la tatu.

Kambi hiyo niliwahi kufika. Alasiri moja baada ya mvua bibi alinichukua, amebeba bakuli la wali na perege wa kukaanga. Barazani alikaa mzee asiye na vidole, ananuka dawa na moshi wa kuni. Kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, nilidhani tumempelekea maskini sadaka. Bibi alimlisha tonge baada ya tonge, nami nikajificha nyuma ya kanga yake kwa kinyaa.

“Mtoto huyu ni wa nani?” mzee aliuliza.

“Wa jirani,” bibi alijibu.

Nilifikiri ananikana kwa sababu sikusema shikamoo.

Mzee alinitazama muda mrefu. “Ana uso wa mama yangu,” alisema.

Bibi alichukua bakuli, tukaondoka. Njiani alinikataza kumwambia mama tulikotoka, nami nikatii.

Cheti nimeshamkabidhi mama. Alinishukuru, akauliza kama kulikuwa na kingine kitabuni. Nikamwambia hakuna.