Wietske Anayepokea Simu ya Daktari

Mara ya kwanza Gerlof Hoekstra kuzidiwa ujanja na Wietske Algra ilikuwa kwenye simu, kabla hata hawajaonana uso kwa uso. Baukje, mke wa Gerlof, alikuwa na kikohozi kilichogoma kwisha, na Gerlof alitaka daktari amwone siku hiyohiyo. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe na farasi, aliyeanza maisha na mbuzi wa kuazima, na alijua namna ya kuuza: taja juu, ili ukishushwa utue pazuri.

"Mke wangu anakufa," akasema.

"Pole sana, bwana Hoekstra. Hebu mpe simu niongee naye."

"Nimekwambia anakufa!"

"Ndiyo maana nataka kumuwahi."

Baukje akaingia jikoni na kapu la nguo kiunoni. "Anakufa nani? Mimi nilikuwa naanika mashuka."

Wietske alimuuliza kama usiku analala, kama akipanda ngazi pumzi inamkata, kama ana homa, kama makohozi yana damu. Kisha akamwambia anywe vitu vya moto na apumzike. Homa ikipanda au pumzi ikibana, apige tena hapohapo bila kungoja. Gerlof alibaki amesimama kama mtu aliyerudi nyumbani na ng'ombe aliyempeleka mnadani.

"Umeniua bure," Baukje akamwambia. "Na miadi yenyewe hukupata."

Kikohozi kikaisha, ukabaki udadisi wa Gerlof. Pale kijijini Jellewier, bila barua ya daktari wa familia hakuna bingwa wa moyo, mifupa wala macho atakayekutazama, na kumfikia daktari huyo lazima kwanza upite kwa Wietske, msaidizi wake. Watu walimwita Komeo. Shemeji yake Gerlof aliapa kwamba hata ukikatwa kichwa, Wietske atakuuliza kama umejaribu kukipumzisha. Lakini Gerlof alikuwa amesikia na jambo jingine. Mfugaji mmoja wa kondoo alipiga simu kuomba dawa ya kiungulia tu, akaulizwa maswali mawili matatu, na kabla hajaweka simu chini gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Moyo ndio uliokuwa ukimsumbua. Sasa mtu anayewapa kisogo wanaolia akamkimbilia asiyelia, Gerlof alijiuliza, huyo anatazama kitu gani?

Majibu alianza kuyapata majira ya kuchipua, Wietske alipokuja mwenyewe zizini kutafuta farasi mdogo wa kuvuta kigari. Mwanamke mfupi, buti za mpira, koti la mvua lililopauka mabegani. Gerlof akaanza kummwagia sifa za mnyama. Wietske hakumfunua meno wala kumpapasa miguu.

"Leo asubuhi amekula vipi?" akauliza. "Aliyekuwa akimwendesha mwisho ni nani, na kwa nini aliacha?"

Kila akishauliza, alinyamaza. Gerlof alikuwa ameshauza wanyama kwa wachungaji wa kanisa na kwa watu wa benki bila kutoa siri hata moja, lakini kimya kile kilimwasha kama manyasi ndani ya shati. Akajikuta anasema kwamba farasi huyu hapendi milio ya pikipiki.

Wakaanza kupatana kwa viganja, kama inavyofanyika huko sokoni: unataja bei na kumpiga mwenzako kiganja, naye anataja yake na kukupiga, mpaka mkono mmoja ushike mwingine usiuachie.

"Una mkono mwepesi, bibie."

"Na wewe ulimi wako unakuwa mzito, mzee, kila tukifika kwenye kwato ya nyuma."

Aliondoka na farasi kwa bei ambayo Gerlof hakumtajia Baukje.

Vuli ilipoingia, likaja la jicho. Lilianza siku ya Ijumaa mnadani: punje nyeusi kama masizi zikielea ndani ya jicho la kulia. Halafu cheche pembeni, kama fundi anachomelea vyuma nyuma ya mlango. Halikuuma. Gerlof alinawa uso, akalaumu vumbi la majani makavu. Jumapili kivuli kikaingia kutokea upande wa nje, na hapo hofu ikamkaa. Mfanyabiashara wa mifugo anaishi kwa macho. Jicho ndilo linaloona mguu unaoburutwa kidogo na manyoya yasiyong'aa. Na sokoni wakishajua kwamba Gerlof haoni vizuri, watamwuzia kila mnyama kilema wa mkoa mzima.

Kwa hiyo Jumatatu alipompigia Wietske, aliingia kama mnunuzi, na mnunuzi haonyeshi njaa.

"Kuna kitu kidogo jichoni," akasema. "Hakina haraka."

"Kinauma?"

"Hata kidogo."

"Leo wanaongoja kwenye simu ni wengi, bwana Hoekstra. Nikuweke Alhamisi ya wiki ijayo?"

"Sawa kabisa. Asante."

Akakata simu, ametulia kama mtu aliyepata kitu kwa bei rahisi. Kahawa ilikuwa bado haijamiminwa simu ilipolia.

"Ni Wietske. Nimekutajia wiki ijayo, ukasema asante."

"Siku hizi adabu ni kosa?"

"Kwako wewe, ndiyo. Gerlof Hoekstra kukubali bei ya kwanza? Kikohozi cha mkeo ulikifanya msiba. Leo jicho lako mwenyewe huliombei hata siku moja. Unaficha nini?"

"Mimi siuzi kitu, bibie."

"Basi nijibu hili tu. Leo asubuhi ni jambo gani limekushinda, ambalo wiki iliyopita ulilifanya bila kufikiri?"

Kisha akanyamaza. Gerlof alikijua kimya kile, kilishamgharimu farasi. Akajibana. Baukje aligeuka kutoka kwenye sinki, mikono ina povu, akamkazia macho.

"Nimemkanyaga mbwa," Gerlof akasema mwishowe. "Alikuwa kuliani kwangu, mchana kweupe. Sikumwona."

"Hukumwona kwa sababu gani?"

"Upande huo pana giza. Kama mtu anavuta pazia."

"Linaongezeka?"

"Jana lilikuwa dogo."

Sauti ya Wietske ilibadilika. Utani wote ulitoka. "Sikiliza. Usishike usukani. Usile wala usinywe kitu mpaka hospitali wakuambie, maana huenda wakakupasua leo. Daktari anampigia bingwa wa macho sasa hivi, na barua yako itawatangulia. Baukje akupeleke."

"Baukje anaendesha kama anachunga bata."

"Nimesikia!" Baukje akasema, funguo ziko mkononi.

Hospitali ya mjini walimkuta na utando wa nyuma ya jicho umechanika, na unabanduka kama karatasi ya ukutani kwenye nyumba yenye unyevu. Wakampasua jioni hiyo, wakamwekea kiputo cha gesi ndani ya jicho kiukandamize mahali pake, wakamwamuru alale kwa mkao waliompangia na asiubadilishe. Mtu ambaye hakuwahi kulala mchana alilazwa kifudifudi sebuleni kwake, akizungumza na zulia.

Wietske alikuja kumjulia hali na mkate wa sukari. Gerlof hakuuliza habari za kijiji. Alikuwa na swali lake.

"Unatuonaje kupitia waya wa simu?"

"Siwaoni," Wietske akasema, akimkatia Baukje kipande. "Watu wakieleza maumivu, huyu anapandisha, yule anashusha, wala si kwa ubaya. Ila ukiwauliza kazi gani imewashinda tangu waamke, hawapati muda wa kupanga bei."

"Na kama usingewahi kununua farasi kwangu? Ungepiga tena?"

Wietske alikaa kimya, na safari hii haikuwa mbinu.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nimeshakuandikia Alhamisi, mzee. Hilo linanisumbua mpaka leo."

Jicho lilipona, ila si lote. Ukanda mwembamba wa upande wa nje haukurudi. Bingwa alimwambia bila kupaka sukari kwamba angefika Ijumaa ile ya masizi, pengine wangeuziba ule mpasuko kwa mwanga wa leza, akarudi nyumbani siku hiyohiyo na jicho zima. Siku alizojipunja mwenyewe ndizo zilizokula ukanda huo. Sokoni siku hizi Gerlof humsimamisha kila mtu kushotoni kwake, na wajanja wameshaanza kuuliza kwa nini.

Wietske naye amepata desturi mpya. Sasa yeyote anayekubali miadi ya mbali haraka mno hakatiwi simu. Huulizwa tena, polepole, mpaka aseme alichoshindwa kufanya asubuhi. Foleni ya simu ya Jumatatu imerefuka, daktari amemlalamikia, na kijiji kizima kinanung'unika kwamba Komeo limezidi. Anayenung'unika kwa sauti kubwa kuliko wote ni Gerlof.