Kishale Kilichotembea Chenyewe Mapokezi

Kishale kilikuwa kinatembea kwenye kioo cha kompyuta. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mapajani.

Nisikilizeni kwanza, mtanihukumu baadaye.

Nilikuwa nakaa mapokezi, kliniki ya meno. Akaunti yangu ya kompyuta ilikuwa ya kinyonge: majina na miadi, basi. Faili za wagonjwa sikuwa na ruhusa hata ya kuzichungulia.

Asubuhi ile zilifunguka zenyewe mbele yangu, zikatumwa kwa wagonjwa wote. Nani ana ugonjwa gani wa damu. Nani ana mimba anayoificha kwao.

Simu zikaanza kulia. Mama mmoja aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Nililia nikiwa nimeshika simu.

Sasa, fundi wetu wa kompyuta ni mtoto wa mama mdogo. Kaka yangu kabisa, na kazi ile nilimwombea mimi. Kabla ya hapo alikuwa ameninong'oneza:

"Mdogo wangu, mfumo wa mashine hizi una tundu. Mtu akiingia na akaunti ndogo kama yako, anajipandisha mpaka anakuwa bosi wa mashine. Wahuni wameshaanza kulitumia. Dawa ni kusasisha tu."

"Si usasishe, kaka?"

"Daktari hataki. Mwambie wewe, anakupenda."

Kweli Daktari hakutaka. Mashine ikisasishwa huzima, na picha ya jino hupotea mgonjwa akiwa ameachama kitini. Basi kila ujumbe wa kusasisha ukija, wote tulibonyeza "Baadaye".

Nilimfuata kwenye korido, nikamwambia kuhusu tundu, sauti yangu ikiwa chini kama kawaida. Akanigusa bega.

"Binti, pokea wagonjwa. Mashine niachie mimi."

Kwenye kikao cha baada ya faili kuvuja, Daktari alikuwa na sura nyingine.

"Ulifungua nini?"

"Picha ya jino, Daktari, imetumwa na mgonjwa kwa barua pepe. Ndiyo kazi yangu. Nilikwambia kuhusu tundu..."

"Mimi? Lini?"

Nikamgeukia kaka. Sentensi yake moja ingeniokoa.

Akakuna kidevu. "Mashine ziko salama. Labda aliiba nywila ya Daktari."

"Na kasura kake ka malaika!" msaidizi wa Daktari akacheka.

Nilivuliwa koti la kazi mbele ya wagonjwa.

Jioni kaka alikuja nyumbani. "Usinune. Ningesema ukweli, wangeniuliza mbona sikuziba. Mimi nina familia. Wewe huna hata paka."

Mama akamwekea chai.

Nikasamehe. Ndivyo nilivyo.

Wiki iliyofuata nilienda kuchukua vyeti vyangu. Kwenye kiti changu alikaa wifi, mke wa kaka, kucha zimepakwa rangi mpya.

"Wifi yangu! Asante kwa kuniachia nafasi."

"Umeipata haraka."

"Haraka wapi! Mwezi mzima kaka yako ananifundisha kuchapa. Aliniambia mapema, jiandae, mdogo wangu ataondoka."

Alisema huku anatabasamu. Hakujua amesema nini.

Ile picha ya jino niliyoifungua asubuhi ile haikutoka kwa mgonjwa yeyote; ilitoka kwa kaka.

Dada zangu wapole, hatari isemeni kwa sauti, mbele ya watu. Mimi nilinong'onezana na wawili, na wote wawili wakanikana.