Upande wa Tisa

Enoki, mpishi wa meneja wa shamba la miti ya miwati nje ya Njombe, kila Jumapili alasiri alikuwa na kazi mbili, kuoka keki na kuhudumia gramafoni, na ya pili ndiyo iliyomchosha roho. Meneja alipenda simfoni na konseto za Wazungu wa karne ya kumi na tisa, na upande mmoja wa santuri za wakati ule uliisha kwa dakika nne tu. Basi Enoki anachungulia keki, mbio sebuleni kugeuza santuri. Anarudi jikoni, mbio tena kuzungusha hendeli. Meneja mwenyewe amenyoosha miguu utadhani ametoka kulima.

Hayo Enoki angeyavumilia. Aliimba besi kwenye kwaya ya Kilutheri, masikio anayo, na konseto ya fidla ya Mjerumani Brahms ilikuwa imemteka. Lakini ilikuwa na pande tisa, na kwa miaka sita hakuusikia wa tisa hata mara moja. Wageni walipiga domo muziki ukilia, na ukiisha wa nane meneja anasema, "Yatosha, Enoki. Leta chai." Yatosha! Nani hutoka kanisani kabla ya baraka? Na kuigusa mashine bila amri kulimfukuzisha kazi mpishi aliyemtangulia.

Mwaka 1953 meneja akanunua gramafoni ya umeme, na santuri mpya iliyobeba konseto nzima. "Sasa utapumzika, Enoki," akasema. "Funga mlango wa jikoni." Mashine ya zamani akaiuza, santuri zake akampa Enoki. Santuri bila mashine!

Enoki akadandia lori la magome ya miwati hadi Makambako, kwa shemeji yake Yonathani, mwenye hoteli ya chai na gramafoni ya kuzungusha. Akauweka ule upande wa tisa.

"Toa hiyo, weka dansi!" mteja mmoja akapaza sauti.

"Nimewahudumia watu miaka sita," Enoki akafoka. "Leo mtanivumilia dakika nne."

Fidla ikarukaruka, ikashuka taratibu kama inayotaka kulala, halafu vyombo vyote vikanguruma pamoja, kwisha. Enoki alibaki ameshika hendeli, machozi yakimtiririka.

"Shemeji, kuna msiba?" Yonathani akauliza.

"Hakuna. Nina hasira. Kitu hiki kilikuwa ndani ya nyumba ile miaka yote sita, na mwenye nyumba hakuwa na habari nacho."