Kisima Nilichomchimbia Mama

Mi shule niliacha mwaka wa tatu, lakini mtaa wetu mzima wa Carama hakuna mtu aliyechimba kisima kirefu kuliko changu. Wenzangu waliishia kwenye udongo. Mimi niliwaambia wachimbaji: pasueni mwamba! Nilianza kwa kuziba mipira ya baiskeli pale Jabe, nikapanda mpaka maduka mawili, leo nishindwe na jiwe?

Maji yalipotoka niliyatoa sadaka kwa ajili ya mama yangu, aliyekufa kabla sijapata kitu. Ukijaza bidoni, dumu lako la maji, useme tu "Mungu amrehemu," basi. Waislamu walisema, Wakristo walisema. Nilikaa barazani nikisikia mama yangu anaombewa tangu asubuhi. Bomba la mji likikauka wiki nzima, mimi ndiye bomba.

Binti yangu, ambaye kazi yake ni kupima maji, ndiye aliyechukua chupa moja. Alirudi na karatasi, hakutaka hata kukaa.

"Papa, haya maji yana urani, madini yenye sumu. Inatoka mule mwambani. Inakula figo polepole."

"Tutayachemsha."

"Apana, Papa. Ukichemsha, maji yanapungua, sumu yenyewe inabaki."

Mimi ndiye niliyefundisha mtaa mzima kuchemsha mpaka sufuria ibaki nusu, eti ndiyo yanakuwa safi kabisa. Bibi mmoja jirani alinitii kuliko wote.

Nikatia kufuli kwenye pampu. Kesho yake bibi huyo akaja na bidoni yake. Nikamweleza: kuna sumu, haionekani, haina ladha, na kuchemsha kunaizidisha.

"Sumu gani, Hadji? Maji meupe hivi! Sema tu umechoka kutupa bure."

"Wallahi, bibi, siyo hivyo."

"Basi umechoka mama yako kuombewa."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Niwalaumu vipi? Nilishawaambia mara mia kwamba maji ya Hadji hayana mfano. Uongo wangu waliuamini, ukweli wangu hawautaki.

Sasa bibi anachota mtoni. Nilimwambia hayo ayachemshe, yana vijidudu.

"We Hadji! Jana kuchemsha ni kubaya, leo ni kuzuri?"

Miguu yake inavimba. Kama ni maji yangu, sijui. Binti yangu naye hajui. Jana bibi alipita mbele ya lango langu na bidoni kichwani, akasema kwa mazoea, "Mungu amrehemu."

Nilishindwa kuitikia amina.