Folda Moja ya Asha Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sweta. Wenzangu walioajiriwa bandarini mwaka ule walipewa kofia ngumu na viatu vya kazi. Mimi, kwenye kampuni ya barua pepe pale Ufukoni, nikakabidhiwa sweta la rangi ya udongo lenye tundu kiwikoni, kwa sababu chumba cha seva, kompyuta inayotunza barua za wateja, kilikuwa na baridi isiyojulikana Mtwara. Mkuu wa Mitambo, mtoto wa wenye duka la vitambaa Mikindani, alinionyesha sanduku jeusi lenye taa za kijani zinazopepesa.

"Hii ndiyo posta yetu, Somoe," akasema. "Ila hapa hakuna karani wa kupanga barua. Anapanga huyu, na huyu hana akili. Anafanya ulichomwandikia tu."

Nyinyi vijana barua pepe zenu zinakaa msikokujua. Sisi tulijua zilipo. Kila mtu alikuwa na folda yake ndani ya seva, na ndani ya folda hiyo kulikuwa na sehemu ya barua mpya, ya zilizosomwa, ya zilizotumwa na ya takataka. Mtu akifungua barua huko ofisini kwake, faili lake linatoka lenyewe kwenye mpya na kwenda kwenye zilizosomwa. Nilipenda kukaa na kutazama. Nje jua linachoma, ndani kimya, na kwenye kioo cha kompyuta faili linatoweka hapa na kutokea pale, humwoni aliyelisukuma. Nikazoea, lakini kuna siku mwili ulinisisimka na sweta langu mwilini.

Mwanzoni tulihudumia kikoa kimoja, yaani lile jina la ofisi linalokuja mwishoni mwa anwani. Kisha wateja wakaongezeka: shule, maduka, kampuni za mizigo, kila mmoja na kikoa chake, wote ndani ya sanduku lile lile.

"Kikoa kwanza, jina baadaye," Mkuu wa Mitambo alinifundisha. "Unatengeneza folda ya ofisi, ndani yake unaweka folda ya mtu. Ukiruka hapo, utanikumbuka."

Akahamishiwa Dodoma. Akaja Meneja wa Kanda, mtu wa haraka, anayeongea huku anatembea. Alinitaka nihamishe wateja wote kwenye seva mpya kabla ya Jumatatu. Kwenye faili la mipangilio kuna mstari mmoja unaoiambia seva barua iwekwe wapi. Niliuandika kwa haraka, nikaweka jina la mtu, kikoa nikakisahau. Nikajaribu, barua ikaingia, nikaenda kuswali adhuhuri nimeridhika. Mimi ndiye niliyeandika mstari ule, sina wa kumsingizia.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akaja Asha, karani wa kampuni ya mizigo.

"Shikamoo, Mama. Kuna mtu anasoma barua zangu kabla yangu. Na kwenye zilizotumwa nakuta majibu. Yana jina langu, Mama, ila sikuyaandika mimi."

Nikambadilishia neno la siri. Kesho yake akarudi, hali ile ile. Nikamketisha kando yangu mbele ya kioo, simu yake imezimwa iko mezani, kompyuta ya ofisini kwake kaifunga. Barua mpya ikaingia, kutoka kwa mdogo wake anayefanya kazi kwenye meli, mahali pasiposhika simu. Tukaitazama. Baada ya dakika chache ikahama mbele ya macho yetu, ikaingia kwenye zilizosomwa.

"Astaghfirullah," Asha akasema.

Halafu kwenye zilizotumwa likatokea jibu. Liliandikwa hivi: *Saidi mdogo wangu, nani amekushika huko?*

"Mdogo wangu haitwi Saidi," Asha akaninong'oneza.

Hapo nikaukumbuka mstari wangu. Nikatafuta kina Asha wote kwenye vikoa vyetu. Alikuwepo mwingine mmoja tu, mwalimu wa sekondari. Kila mmoja aliingia kwa anwani yake na neno lake la siri, lakini seva iliwapeleka wote kwenye folda moja, kwa sababu mimi niliiambia jina linatosha.

Nikamkuta Mwalimu Asha anasahihisha madaftari. Alikuwa mzaliwa wa Kitaya, kijiji cha ukingoni mwa mto Ruvuma. Mdogo wake Saidi alipinduka na mtumbwi akivuka Ruvuma, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo. Mwili haukuonekana, na ukoo ukamsomea khitma ya marehemu. Ndipo barua zikaanza kuja kutoka anwani asiyoijua, zisizo na jina, zimetiwa saini "mdogo wako" tu. Akanisomea moja kwenye simu yake.

"*Dada, nipo. Hapa ni maji tu kila upande. Usiku nasikia chuma kinalia chini yangu. Sijui watanitoa lini.*" Akaniangalia. "Sikumwambia mtu, wangeniita mwehu. Unataka kuniambia nini, Mama?"

Nikamwambia. Hakulia. Alifunika kalamu yake taratibu.

"Basi amekufa tena," akasema.

Nilirudi ofisini nikaurekebisha ule mstari, nikatengeneza folda mbili, nikaanza kuzigawa barua moja moja kwa kufuata anwani iliyoandikwa juu. Za melini zote zilikuwa za Asha wa mizigo. Za mwalimu zilikuwa matangazo ya mitihani. Nikamaliza na takataka, na humo nikakuta barua moja imetupwa, yenye anwani ya shule. Si kazi yangu kusoma barua za watu, lakini hiyo niliisoma.

*Dada Asha, ni mimi Saidi. Maji yalinitupa ng'ambo, nikaumwa sana. Namba zote zimepotea, nakumbuka anwani yako ya shuleni tu. Simu hii nimeazima. Jumatano nitasimama ng'ambo, mkabala na Kitaya, nimevaa shati jekundu. Mto umejaa na mitumbwi yote iko kwenu. Mwambie mjomba anifuate.*

Jumatano ile ilikuwa imepita siku tisa.

Nilimpigia Asha wa mizigo. "Niliitupa mimi, Mama, kabla sijaja kwako," akasema huku analia. "Niliona jina la Saidi, lile lile la kwenye yale majibu, nikaogopa."

Nikaenda Kitaya na Mwalimu Asha. Mjomba wao alitupokea barazani, akasoma barua ile mara mbili, mkono mdomoni.

"Tulimwona, mpwa wangu," akasema. "Siku tatu alisimama pale na shati jekundu, anatuita kwa majina. Anamwita mama yako. Ananiita mimi."

"Mkafanya nini, mjomba?"

"Tulishamsomea khitma. Tulijua ni mzuka. Nikawakataza watu wasiitike, tukafunga milango."

Mwalimu Asha aliijibu barua ile ya simu ya kuazima siku hiyo hiyo. Mwenye simu alijibu baada ya wiki. Alisema kijana ameondoka, hakusema anakwenda wapi. Alisema tu kwamba kwao wamemwona na hawamtaki.

Nimestaafu sasa. Sweta nililiacha msumarini. Wanaosoma kazi hii wakiniuliza jambo kubwa nililojifunza, nawaambia alichoniambia Mkuu wa Mitambo, kikoa kwanza, jina baadaye, na wanaona bibi huyu hana jipya. Wala siwalaumu.

Ile shule ilishabadilisha kikoa na kuhamia kwa watoa huduma wengine, na aliyerithi kiti changu alinipigia kuuliza kama afute folda zake za zamani. Nikamwambia afute zote isipokuwa ya Mwalimu Asha. Akashangaa, maana humo zimebaki barua mbili tu, ya Saidi na ya yule mwenye simu, na bado kila Jumatano kuna mtu anaingia, anatazama kwenye mpya, anatoka.

"Mwache," nikamwambia. "Na mlango huo usije ukaufunga."